Mto Niliouchora Mwenyewe

9 Agosti 1836

Hatimaye tumeyaona maji yanayokwenda magharibi. Tulifika kwenye mgongo wa mlima saa sita mchana, nyumbu wakihema chini ya mizigo, na upande wa pili, mbali chini, tukaona mto mwembamba unaong'aa ukitoka milimani kuelekea machweo mpaka ukamezwa na ukungu wa joto. Kapteni Tarbell alivua kofia. Amekuwa akiutafuta mto huu tangu kabla sijamfahamu. Aliwaahidi wakubwa waliomtuma kwamba milima hii ina mlango, na mlango wenyewe ni mto wa kupitisha mitumbwi hadi baharini. "Ule pale, Whitcomb," akaniambia, na sauti ilimtetemeka kama ya bwana harusi.

Haya nayaandika katika daftari langu. Lile la msafara Kapteni hulisoma.

Tuko wanane. Kapteni, mimi mchora ramani, Sprague mpishi, Narcisse Thibault, mkuu wa nyumbu, pamoja na mkewe Kwinaa, mtu wa kabila la Washoshoni wa milima hii hii, wapagazi wawili, na Peleg, mume wa dada yangu Keziah. Peleg alikuja kwa sababu mimi nakuja. Keziah alitushika mikono kwenye lango akasema turudi wawili, asimwone mmoja peke yake.

10 Agosti

Mvua ya mawe, makubwa kama mayai ya kwale. Nyumbu mmoja alikimbia, akarudi mwenyewe.

12 Agosti

Leo nimefanya jambo ambalo silipendi.

Nilikuwa nimechora mto mpaka pale macho yetu yalipokoma siku ile mgongoni, na kutoka hapo nikaweka nukta nukta, kama nilivyofundishwa. Nukta maana yake tunadhani, hatujafika. Kapteni akaingia hemani, akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Mtu akiona nukta anaona shaka," akasema. "Ziunganishe."

Nikamwambia huko hatujafika.

"Maji hayapandi mlima, Whitcomb. Yakishuka lazima yafike mahali. Ziunganishe."

Kisha akasema, kwa upole, kwamba jina langu litaandikwa pembeni ya ramani, chini ya lake. Nikaziunganisha. Mstari ulionyooka ulionekana wa uongo, kwa hiyo nikaupa mto kona tatu, na kwenye kona ya pili nikaweka miti michache. Mkono wangu uliifurahia kazi hiyo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Narcisse alikuwa mlangoni akisuka kamba. Alitazama kidogo, akaenda zake.

13 Agosti

Narcisse hajui kusoma na hana haya nalo. Huniita Bwana Wino. Leo ameniuliza mbele ya wapagazi kama kalamu yangu inaweza kutuchorea kulungu, maana Sprague ana chumvi na hana nyama. Wakacheka, na Peleg akacheka pia. Kuna watu ambao hawajui jambo moja la maana wakadhani huo ni ucheshi.

17 Agosti

Balaa. Tukishuka kwenye changarawe, farasi wa Kapteni alipoteza miguu, wakabingirika wote wawili. Farasi ilibidi apigwe risasi. Kapteni amevunjika mguu chini ya goti, mfupa ulionekana. Kwinaa na Narcisse ndio walioshika kazi. Kwinaa aliuvuta mguu kwa nguvu moja tu, mfupa ukarudi mahali pake, kisha akaufunga banzi za msonobari na ngozi mbichi ambayo itakauka na kukaza. Kapteni hakupiga kelele. Alinibana mkono, na sasa hivi naandika kwa shida.

20 Agosti

Hawezi kusafirishwa kwa wiki tano au sita. Tumepiga kambi katika bonde la juu, kando ya ziwa dogo. Unga umebaki wa siku chache, na theluji ya huku haingoji Desemba.

Kapteni ameamua. Narcisse, Kwinaa, Peleg na wapagazi wawili watangulie, waufuate mto magharibi hadi kituo cha wafanyabiashara wa ngozi, wanunue chakula na nyumbu, warudi. Kwa ramani yetu ni siku kumi na tano kwenda. Mimi na Sprague tutabaki na mgonjwa.

Ameniagiza nitoe nakala ya ramani.

21 Agosti

Nimeitoa usiku. Nilichora kila kitu kama kilivyo, nikafika pale penye kona ya kwanza, nikaweka kalamu chini. Nikamtazama Kapteni aliyelala. Alikuwa macho, akinitazama. Nilingoja aseme neno. Yeye, sasa nadhani, alikuwa akingoja langu. Nikachora kona tatu na miti yake.

Narcisse akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake, akaitia ndani ya shati. Peleg akanikumbatia. "Usiwe na wasiwasi, shemeji," akasema. "Nani atapotea na ramani yako mkononi?"

Nilifungua mdomo, nikamwambia avae soksi kavu.

Wameondoka kabla jua halijapanda. Nimesimama mpaka mkia wa nyumbu wa mwisho ukapotea msituni.

24 Agosti

Kapteni amejiwekea ramani kifuani. Asubuhi hii ameweka kidole. "Leo wako kona ya kwanza," akasema.

25 Agosti

Kwale wawili. Sprague amewachemsha mpaka mifupa ikalainika.

27 Agosti

"Leo watakuwa katikati, kati ya kona ya kwanza na ya pili. Wakiondoka mapema." Anasema haya kila asubuhi kabla ya kunywa maji. Sprague huitikia vizuri, maana anaamini. Mimi hutoka kwenda kukata kuni. Tuna kuni za kutosha mpaka Pasaka.

30 Agosti

Kona ya pili. "Hapo wamepata kivuli," Kapteni akasema. "Hapo pana miti."

Miti ile niliiweka kwa sababu nafasi ilikuwa tupu.

Sikula. Nikamwambia Sprague tumbo linanisumbua, naye akala sehemu yangu bila kunisihi.

2 Septemba

Theluji juu ya vilele. Haijafika kwetu. Maharagwe yamekwisha.

Nimekuwa nikifikiria maji yale tuliyoyaona. Kama kweli mto unaendelea, basi hakuna ubaya; nimekisia na nimepatia. Najiambia hivyo nikikata kuni. Lakini Peleg hanywi kisio. Tukiwa mgongoni niliona, mbali zaidi ya ukungu, weusi fulani uliolala chini kama kivuli cha wingu, na mbinguni hapakuwa na wingu. Nilikiona kile kitu na sikukichora.

4 Septemba

Kona ya tatu.

5 Septemba

Usiku baridi ilikuwa kali na asubuhi hewa imekuwa safi kama kioo kilichofutwa. Nikachukua darubini ya Kapteni bila ruhusa, nikapanda mgongoni peke yangu. Imenichukua nusu ya siku.

Ukungu haukuwepo. Niliushika mto kwa darubini pale unapotoka milimani nikaufuata polepole, kama mtu anayefuata mstari wa barua mbaya. Ulikwenda vizuri maili kadhaa katika nyasi. Kisha ukawa mwembamba. Kisha ukawa madimbwi. Kisha haukuwepo. Mbele yake ni mawe meusi, yale yaliyotoka ardhini zamani yakichemka kama uji kisha yakaganda, yamejaa mpaka upeo wa macho. Hakuna kijani wala mng'aro wa maji. Hapo ndipo nilipochora kona tatu.

Niliteremka nikikimbia, nikaanguka mara mbili. Nikaingia hemani, nikasema kabla ujasiri haujaniacha.

"Kapteni, mto haupo. Unakufa mchangani. Kona zile nilizitunga. Kona ya tatu niliichora kwa sababu karatasi ilibaki nyeupe."

Nilingoja aniite mwongo. Sprague akatoka nje mwenyewe bila kuambiwa.

"Unadhani nimesahau?" Kapteni akasema. "Siku ya kwanza nilijua ni uongo, na ni wangu. Ila niliutazama kila siku, Whitcomb. Nikiwa na homa niliusikia ukitiririka. Nikafika mahali nikawa namshukuru Mungu kwa mto ule." Akafunika macho kwa kiganja. "Miaka kumi na moja. Nimewaambia watu miaka kumi na moja."

Nilikuwa nimemchukia kwa wiki mbili na leo nilitaka kuendelea. Lakini nilimwona mzee mwenye mguu uliofungwa ngozi, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Nikamwambia naondoka kesho kuwafuata. Akasema nimchukue nyumbu mwekundu, yule mwenye miguu mizuri, na viriba vyote viwili vya maji. Akaanza kusema, "Na usipowakuta..." Hakumalizia.

6 Septemba

Nimeshuka bondeni. Nyayo zao bado zinaonekana kwenye udongo mlaini, wiki mbili zimepita: nyumbu sita, na kiatu cha Peleg chenye kisigino kilicholiwa upande.

7 Septemba

Nyayo. Mvua kidogo. Nyayo.

8 Septemba

Niandike haya taratibu.

Leo mchana nimefika mahali kijito kinaungana na mto kutoka kaskazini. Nyayo zimefika hapo, zimezunguka zunguka, kuna majivu ya moto wa siku moja. Kisha nyayo zimegeuka. Zimepanda na kijito, kaskazini, kuelekea milimani tena. Ramani inasema magharibi.

Sikuthubutu kuamini. Nikajiambia labda walikwenda kuwinda na kurudi. Kwa hiyo nikaendelea na mto, kwenye njia yangu mwenyewe ya karatasi, nikiwa nimeinama juu ya shingo ya nyumbu nikitazama kila futi ya ardhi. Mwendo wa saa tano. Hapakuwa na kwato wala kisigino. Mto ukapungua kando yangu mpaka nikauruka kwa hatua moja. Mwisho wake ni kama sahani ya mchanga uliolowa. Nyumbu alikunywa, akakanyaga, akatazama mbele kwenye mawe meusi, akageuka mwenyewe bila kuniuliza.

Nilikaa chini pale mto unapoishia, nikalia kwa sauti mpaka nikacheka. Hawakupita hapa. Sijawahi kufurahi hivi kwa kukosa kumwona mtu.

9 Septemba

Nimerudi kwenye maungio ya kijito, nimepanda kaskazini. Nyayo zote zipo. Nimewahesabu nyumbu kila penye tope.

12 Septemba

Nimewapata.

Nilisikia harufu ya samaki kabla ya kuona moshi. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na mto wa kweli, wenye kelele, na kando yake kambi ya watu wa Kwinaa, zaidi ya mahema thelathini, na vichanja vya kukaushia vimejaa minofu myekundu. Mtu wa kwanza niliyemwona ni Peleg. Alikuwa ameketi amekunjua mikono ya shati, akipasua samaki mwenye urefu wa mkono wangu, na amenenepa. Akapunga kisu. Akauliza Kapteni mzima? Nikasema mzima. Ndipo nikaketi kando yake.

Baadaye Narcisse akaja akaketi karibu yangu.

"Bwana Wino, umetembea mbali kuja kula samaki."

Nikamwambia nimekuja kuchukua ramani. Akaitoa shatini, imekunjwa vile vile nilivyoikunja.

"Ulijua," nikasema.

"Nilikuona ukichora. Mtu anayechora alichokiona, mkono wake unakwenda tu, kama nyumbu anayerudi nyumbani. Wako ulikwenda vizuri, halafu ukasimama. Ukaangalia juu ya hema. Juu ya hema kuna mto?"

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Kapteni angempa Peleg karatasi. Shemeji yako anaiamini kama msahafu. Nikaona bora niipokee mimi, niseme asante, halafu nimfuate mke wangu."

Kwinaa, aliyekuwa akigeuza minofu, akauliza tunazungumza nini. Narcisse akamweleza. Alinitazama bila hasira, akasema maneno machache, na wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko mpaka mmoja akashika mbavu.

"Anasema watu wake wamepita kando ya mawe yale tangu babu wa babu," Narcisse akatafsiri. "Kungekuwa na mto, angalau mtu mmoja angekuwa ameshazama."

Kisha Kwinaa akanipa kipande cha samaki cha moto, akasimama mbele yangu mpaka nikakila chote. Walikuwa waondoke kesho kutwa. Samaki mwaka huu walichelewa kupanda mto, na huwezi kubeba samaki mbichi siku sita. Hilo ndilo lililowachelewesha.

13 Septemba

Leo nimemwambia Peleg.

Sikutaka alisikie kwa mwingine. Na nilikuwa nimeambiwa na mpagazi mmoja kwamba pale kwenye maungio ya kijito, Narcisse alipotaka kugeuka kaskazini, Peleg alimkamata kola. Alisema ramani imechorwa na shemeji yake, mtu ambaye hajawahi kusema uongo maishani, na anayetaka kuikataa kwanza apigane naye. Majivu niliyoyakuta ni ya siku waliyogombana. Kwinaa ndiye aliyeumaliza ugomvi, kwa kuongoza nyumbu wote kaskazini wanaume wakiwa bado wanabishana.

Nilimweleza yote, mpaka miti. Alisikiliza akiwa na kisu mkononi.

"Nilitaka kumpiga yule mtu kwa ajili yako," akasema.

Akainama, akaendelea kupasua samaki. Hakuniambia neno jingine leo.

15 Septemba

Njiani kurudi. Nyumbu wanane wamejaa samaki wakavu, mizizi iliyookwa na ngozi mbili za mafuta ya dubu. Kaka wawili wa Kwinaa wako nasi. Peleg anatembea mbele. Mimi nyuma.

18 Septemba

Theluji mpaka vifundoni. Narcisse anashuka kila baada ya muda, anakanyaga mbele, anaita nyumbu kwa majina. Nilikuwa nikimwona mtu asiyejua kusoma. Leo nimemwona akisoma mteremko mzima kwa fimbo, mahali pagumu na mahali patupu, wala hakukosea hata mara moja.

19 Septemba

Bado Peleg hasemi nami. Ananipitishia chakula.

21 Septemba

Tumefika. Sprague alitoka hemani, akatuhesabu kwa kidole, akaanza upya kana kwamba haamini, kisha akaketi kwenye theluji. Walikuwa wamekula mkanda wa tandiko la farasi aliyekufa.

Kapteni yu hai, amekonda, ndevu nyeupe kabisa. Kila mmoja aliingia kumsalimia na kila mmoja alimshika mkono muda mrefu. Wa mwisho alikuwa Narcisse. Kapteni akamwambia, mbele yetu sote, kwamba mto ule ulikuwa uongo wake, kwamba Whitcomb aliuchora kwa amri, na kwamba yeye Narcisse amemwokoa asiwe muuaji. Narcisse alikuwa na utani tayari mdomoni, nikauona, akaumeza. Akasema tu, "Mshukuru mke wangu, Kapteni." Naye akamshukuru.

22 Septemba

Kapteni ameomba kisu changu cha kukwangulia. Nilitaka kufanya kazi hiyo mimi, akakataa. Alikwangua kona ya tatu, ya pili na miti yake, ya kwanza, taratibu, akipuliza vumbi la wino, na karatasi ikabaki na kovu la kijivu. Akamwita Kwinaa, akamwomba aonyeshe kwa kidole maji yanaishia wapi. Kwinaa akageuza karatasi mara mbili mpaka milima ikakaa anavyoijua, akaweka kidole. Kapteni akaandika hapo: *Mto unaingia ardhini. Ng'ambo yake mawe meusi, hakuna maji. Njia ni kaskazini.*

Narcisse akataka asomewe. Akataka asomewe tena.

Kapteni alilala mchana kutwa bila homa, usingizi mzito wenye mkoromo. Sprague anasema ni mkoromo mzuri kuliko yote aliyowahi kuisikia.

27 Septemba

Tunaondoka kesho, Kapteni kwenye machela kati ya nyumbu wawili. Nyama ya kulungu leo. Kaka wa Kwinaa ndio waliomwinda.

3 Oktoba

Tumevuka. Upande huu hakuna theluji, kuna nyasi za njano na upepo wenye vuguvugu. Kwa mwendo huu kituo cha wafanyabiashara ni siku nne, kwa njia ambayo watu wameipita kweli. Nimelivua koti langu la manyoya kwa mara ya kwanza tangu Septemba ianze. Wapagazi wanaimba vibaya sana.

Jioni hii nilikuwa nikisugua kidonda cha nyumbu mwekundu pale tandiko lilipomkwaruza. Peleg akaja, akamshika nyumbu kichwa ili asinipige teke. Tulifanya kazi hivyo kwa muda, yeye kichwani mimi mgongoni.

"Nimekuwa nikifikiri nitakachomwambia Keziah," akasema. Ni siku ishirini tangu aniambie neno. "Nimeona sitamwambia kitu. Utamwambia wewe."

Nikasema nitamwambia. Yote.

"Na miti?"

"Na miti."

Akaitikia kwa kichwa. Akamkuna nyumbu kati ya masikio.

"Mimi nitakaa karibu na mlango, shemeji," akasema, "nikuzuie usikimbie."